Mwaka Nilioishi na Springi za Mjomba

Tulipomaliza hitima ya Nyanya, mwezi uliopita, wanaume walibaki uani na birika la kahawa, nasi wanawake tukawa jikoni tunaosha masinia. Dirisha la jikoni kwa Nyanya, kule Likoni, halina pazia, kwa hivyo lisemwalo uani hulisikia lote. Nikamsikia binamu yangu Salim, ambaye amepata gari lake la kwanza na ana haraka nalo kama bwana harusi, akimwuliza Mjomba Athmani: "Mjomba, mimi nataka kulibadilisha lile gari. Nilishushe, nilitie rimu mpya, viti vipya. Sasa hivi vitu vyake vya asili nikishavitoa, niviweke au niviuze?" Nilidhani Mjomba angetoa hotuba, maana kwa habari za magari yeye haulizwi mara mbili. Akanywa kahawa yake, akasema tu, "Mwulize Zuhura." Wanaume wakacheka. Salim akadhani ni mzaha, akacheka pia. Mimi nikainamia sinia langu nikaendelea kusugua, uso ukinichoma. Nina miaka kumi na tisa, sijui kuendesha gari, na hata baiskeli huipanda nikiwa na hakika hakuna anayenitazama. Sikumjibu Salim siku ile. Mimi hujibu vyema nikiwa na kalamu mkononi na mlango umefungwa. Kwa hivyo jibu lake ni hili, nalo lataka nieleze mwaka mzima.

Ulikuwa mwaka wangu wa kidato cha tatu. Nilihamia kwa Mjomba, Junda, kwa sababu skuli yangu ilikuwa upande huo wa Kisauni. Nilipewa chumba cha nyuma, kinachotazama ua. Mkaza mjomba wangu, Bi Maimuna, alinifungulia mlango wa chumba kile akiwa na leso kiunoni na aibu usoni, akasema, "Zuhura mwanangu, utanisamehe. Si chumba hiki, ni makumbusho." Kitanda kilikuwapo, na sanduku la nguo, na juu ya sanduku kichetezo cha udi. Mengine yote yalikuwa gari. Rimu za chuma zilikuwa zimepangwa chini ya kitanda, kila moja imefungwa gunia. Taa za mbele zilikuwa ndani ya katoni la biskuti, zimefunikwa tambara kama mayai. Usukani ulikuwa umetundikwa kwenye msumari ukutani, mahali ambapo nyumba nyingine hutundika kalenda. Chumba kilinuka udi na mafuta ya mashine kwa pamoja, na mpaka leo nikipita mbele ya gereji hudhani kuna mtu anaoga ajiandae kwenda harusini.

Gari lenyewe lilisimama uani, jeupe, la kizamani, milango minne. Mjomba hutengeneza majokofu na viyoyozi, kazi inayompeleka kwenye nyumba za watu kutwa, na akirudi hupumzika kwa kulitazama. Alilibadilisha kidogo kidogo, kama mtu anayejenga. Kwanza rimu, kisha taa, kisha usukani mdogo wa ngozi ambao ukiushika wahisi umeshika kikombe. Fundi wake aliitwa Musyoka, kijana aliyetoka bara, mcheshi, Kiswahili chake kimechanganyika na cha Nairobi. Kila kilichotolewa, Mjomba alikileta chumbani mwangu mwenyewe. Alibisha hodi kwanza, hilo nitamshukuru siku zote. Mjomba hakuingia hata siku moja kabla sijasema karibu. Kisha husimama pale na kipande cha chuma mikononi, akitafuta pa kukilaza, na mimi huinua miguu kitandani ili apite.

Mabishano yalikuwa mezani. Wakati wa chakula cha jioni, tukiwa tumezunguka wali wa nazi na samaki wa kupaka, Musyoka alikuwa mara nyingi akialikwa, maana Bi Maimuna hamruhusu mtu aliyeshika spana kwake tangu adhuhuri aondoke na njaa. Naye Musyoka akishashiba huanza. "Mzee, hizi stoko, hizi za kiwandani, zinakula nafasi bure. Ziuze saa hii zikiwa bado zinatakikana. Baadaye zitakuwa vyuma vya mizani." Mjomba hujibu bila kuinua macho kwenye sahani: "Gari lina vitu lilivyozaliwa navyo. Siku nikitaka kuliuza, mnunuzi wa maana atauliza viko wapi." Bi Maimuna naye: "Siku ukitaka kuliuza! Umeisikia, Musyoka? Huyu atazikwa nalo." Kisha hunigeukia mimi: "Au waonaje, Zuhura? Chumba ni chako." Na mimi husema, "Sijui, mkaza mjomba," nikachambua miba ambayo haikuwako. Nilikuwa hivyo. Darasani mwalimu alinipigia alama ya kuwapo kwa kuniona, si kwa kunisikia. Haikuwa kwamba sikuwa na la kusema. Lilikuwa linafika kooni, linatazama nje, linaona watu, linarudi.

Mtu mmoja tu nilizungumza naye, naye alikuwa Nyanya. Kila mwisho wa mwezi Mjomba alivuka kwenda Likoni kumchukua mamake, aje kukaa kwetu Jumamosi na Jumapili. Alilala chumbani mwangu. Alikuwa na magoti mabaya, hivyo kitanda kilikuwa chake na godoro la chini langu, pembeni ya rimu. Alikuja na kikapu cha vitu ambavyo Kisauni vimejaa tele: ndimu, mchicha, mkate wa kumimina aliokwisha ukata, kama kwamba ng'ambo hii ni jangwa. Na akishavua buibui na kujilaza, husema, "Haya, mwanangu. Nipe habari, na usinipe za kuchujwa." Nami nilimpa. Nilimwambia nani darasani ananicheka na nani nampenda kimyakimya, nilimwambia naogopa kusoma kwa sauti, nilimwambia hata yale ambayo sasa nikiyakumbuka natamani ardhi inimeze. Alisikiliza macho yamefumbwa, akisema "ehe" mahali pa kusema "ehe." Hakunishauri sana. Alikuwa mtu wa kwanza aliyenifanya nione kwamba sauti yangu haikuwa mbaya. Mwezi mzima niliishi kwa zile siku mbili, kama betri iliyopelekwa kuchajiwa.

Kisha Mjomba akalishusha gari. Musyoka alikuja asubuhi na springi mpya, fupi, nyekundu, na kufikia alasiri gari letu lilikuwa limechuchumaa. Siku hiyohiyo kiti cha mbele cha abiria kiling'olewa, pahali pake pakaingia kiti cha mashindano, chenye mbavu pande zote mbili, unayekaa ndani yake unazama kama andazi kwenye mafuta. Watoto wa Junda walikuja kutazama. Bi Maimuna alikizunguka mara moja akasema, "Kiti hiki chataka mtu asiye na makalio," akarudi jikoni. Springi za zamani zikaingia gunia, zikaja chumbani kwangu. Na kile kiti cha zamani nacho kikaja, cha kitambaa cha kijivu, kimebonyea katikati. Mjomba alikiweka dirishani akasema, "Kitakusumbua?" Nikasema hapana. Kwa kweli nilifurahi sana. Sikuwa na kiti cha kusomea. Nilikiegemeza ukutani, nikaweka ubao mapajani, nikafanya hesabu zangu humo nikiwa nimekaa kama abiria anayesubiri safari. Kitambaani mlikuwa na harufu ya asumini, na kwenye mshono niliokota vikonyo vyake vilivyokauka, vilivyodondoka kwenye ushungi wa Nyanya. Ndipo nilipofahamu kwamba kile hakikuwa kiti cha gari tu. Kilikuwa na mwenyewe.

Mwisho wa mwezi ule nilikwenda na Mjomba kumchukua. Tulivuka mara tu baada ya sala ya alfajiri, foleni ikiwa fupi, maji yamejaa mpaka juu ya kivuko, na gari likaingia na kutoka kwenye feri kama limepakwa mafuta. Mjomba alifurahi akapiga usukani wake mdogo. Kwa Nyanya tulikaa kwenye mkeka, tukala mahamri na mbaazi, chai ya mkandaa, viazi vya karai kwa sababu Mjomba ana mapenzi navyo, na mazungumzo yakawa marefu. Tukaondoka saa nne imepita. Hapo ndipo lilipo kosa, na ni kosa ambalo mtu wa Nairobi angesamehewa. Yalikuwa maji ya bamvua. Mjomba ni mzaliwa wa Likoni, aliyejifunza kuogelea pale pale, na alisahau kwamba siku za bamvua maji yajaayo alfajiri hukauka kufikia saa nne mpaka ukaona miamba ambayo hukuwa ukijua iko. Maji yakipwa, feri hushuka chini, na ngazi ya zege hubaki mteremko mkali, na pale ulimi wa chuma wa feri unapokutana na zege pana mkunjo. Gari la kawaida huruka pale likashuka. Letu liliketi.

Mlio ule sitausahau, kama sufuria inayokwaruzwa na mwiko wa chuma. Filimbi zikapigwa. Mfanyakazi wa kivukoni akaja na fulana yake ya kung'aa akainama, akatazama chini, akasema, "Mzee, gari yako imekaa kitako. Punguza watu." Mimi nikashuka nyuma. Nyanya alikuwa amezama kwenye kile kiti cha mbavu, na magoti yale, na buibui limenaswa ubavuni. Vijana wawili waliokuwa na vikapu vya samaki wakaviweka chini, mmoja akamshika mkono huu, wa pili mkono ule, wakamvuta kama wanavyovuta mashua. "Pole pole, nyanya!" "Hiki kiti chakupenda, nyanya, hakitaki kukuacha!" Watu walikuwa wengi wakishuka kwa miguu, na umati wa kivukoni hauna siri. Mmoja akapaza sauti: "Huyu bwana ni wa wapi? Hajui leo bamvua?" Mwingine akajibu, "Ni wa papa hapa! Ni mtoto wa Likoni!" Kicheko. Nyanya aliinua kichwa akatembea kuingia ndani ya feri kwa fimbo yake, nami nikimshika kiwiko. Upande wa kisiwani, kwenye ule mteremko mrefu, ikabidi apande kwa miguu tena, gari likikwaruza mbele yetu tupu. Alisimama mara nyingi kuvuta pumzi, na kila akisimama alijifanya anatazama bahari.

Tukavuka daraja, tukapita Frere Town. Hapo akasema, bila hasira, kama anayesoma tangazo: "Athmani. Gari lako zuri. Mimi silipandi tena." Mjomba akacheka, akadhani ni utani. Jumapili ile alirudishwa nalo kwa mara ya mwisho, maji yakiwa yamejaa. Mwezi uliofuata Mjomba alipiga simu mezani mbele yetu, spika imefunguliwa. "Mama, naja kesho." "Usije, mwanangu. Magoti." Mwezi uliofuatia huo: "Mama, kuna ile barabara mpya ya Miritini. Tutazunguka, hatutagusa feri kabisa." Sauti ya Nyanya ikajaa chumba: "Nimezaliwa kivukoni, miaka yote hii, leo nizungushwe Miritini kama shehena ya lori?" "Basi tutavuka maji yakijaa. Nitatazama saa." "Sipandi gari lingojalo maji kama ngalawa." Bi Maimuna akafunika mdomo kwa leso asicheke. Akajaribu yeye: "Mama, kodi tuktuk, tuje tukupokee huku." "Nina mwana mwenye gari, Maimuna, nikodi tuktuk? Majirani waseme nini?" Simu ikakatwa. Mjomba akaupindua ugali kwenye sahani yake pasipo kuula. Alikuwa ameumia, na mtu akiumizwa na mamake hana wa kumshitakia, kwa hivyo alikwenda uani akaanza kung'arisha rimu ambazo tayari zilikuwa ziking'aa.

Sasa nikiangalia nyuma naona hakuna aliyekuwa mbaya. Nyanya alikuwa na haki yake, na Mjomba alipenda kitu kimoja duniani zaidi ya kazi, nacho kilikuwa kimemtia aibu mbele ya mamake. Lakini wakati ule sikuwa na busara hiyo. Nilijua tu kwamba mwisho wa mwezi ulikuja mtupu. Nilisema na nani? Nilijifunza mashairi ya darasani nikimsomea ukuta. Siku nyingine nilizungumza na kile kiti, na haya si mambo ya kujivunia, lakini nimesema nitaandika kweli. Likizo ningeweza kwenda Likoni, lakini likizo ilikuwa mbali, na Jumamosi skuli ilikuwa imeanzisha masomo ya ziada, na mkaza mjomba wangu hakuwa mtu wa kumwacha msichana avuke peke yake.

Mwezi wa Shaaban ukaingia. Kwetu, kabla ya Ramadhani, kuna siku ya vunja jungu, watu wa nyumba moja hukusanyika wakala mpaka wakachoka, kwa kuuaga mchana wa kula. Na miaka yote, toka Mjomba alipooa, vunja jungu ya ukoo wetu ilikuwa kwake, na Nyanya ndiye aliyegawa pilau. Mwaka ule Nyanya alituma ujumbe kwamba tule, yeye atajilia kwake. Bi Maimuna akaanza kufagia nyumba kwa ajili ya wageni wengine, akafika kwenye mlango wangu, akasimama. Nilimsikia jikoni akimwambia Mjomba: "Wale watoto wa dada zako watalala wapi? Juu ya springi?" Na Mjomba, ambaye miezi yote alikuwa akipinga, akasema kwa sauti niliyoiogopa kwa ule utulivu wake: "Mwambie Musyoka alete mnunuzi. Vyote. Kama mwenyewe hapandi, mimi nawekea nani?"

Nilikuwa dirishani, kwenye kiti, nikiwa na kitabu cha jiografia. Nilielewa mara moja. Kama springi zingeondoka na kiti kikaondoka, gari halingeweza tena kurudi lilivyokuwa, na Nyanya asingerudi. Yeye hakuwa mtu wa kuvunja neno lake, na Mjomba angekuwa amepoteza njia pekee ya kumrudisha garini. Na mimi ningekuwa na chumba kipana sana.

Mnunuzi alikuja Jumamosi baada ya adhuhuri. Aliitwa Bwana Kazungu, dereva wa teksi wa Miritini, hubeba abiria wanaoteremka kwenye treni, mtu mzima mwenye mwili na sauti nzito, gari lake ni ndugu wa gari letu, limechoka springi kwa masanduku ya watu. Kiti chake cha mbele kilivunjika chuma. Alikuwa na shida ya kweli na adabu ya kweli. Alipewa maji ya ndimu, akaulizwa habari za nyumbani, akauliza za kwetu. Kisha Bi Maimuna akabisha: "Zuhura, jisitiri mwanangu, wageni waja kuvitazama." Nikajifunika leso. Mlango ukafunguliwa, akaingia Mjomba, akaingia Musyoka, akaingia Bwana Kazungu akisema hodi mara tatu. Chumba kikajaa wanaume. Musyoka akaburuta gunia la springi. Bwana Kazungu akazipima kwa mikono, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hizi ni zenyewe. Na kiti?"

Wote wakanitazama. Nilikuwa nimekikalia.

"Inuka kidogo, Zuhura," akasema Mjomba.

Sikuinuka. Si kwamba niliamua. Miguu haikunyanyuka tu. Musyoka akacheka: "Siste, gari imefika steji, shuka." Bi Maimuna akasema kwa upole, "Zuhura, mwanangu, wamsubirisha mgeni." Lile neno likafika kooni kama kawaida yake, likatazama nje, likaona watu. Safari hii likatoka.

"Nyanya atakaa wapi?"

Nadhani nilisema kwa sauti ndogo sana. Lakini chumba kilikuwa kidogo pia. Mjomba akabaki ameinua mkono hewani, kama aliyetaka kunyoosha kidole akasahau kwa nani. Bwana Kazungu akatazama huku na huku. "Nyanya ni nani?" Bi Maimuna akajibu, akimwonyesha Mjomba: "Mamake huyu. Ndicho kiti chake." Bwana Kazungu akaurudisha mkono uliokuwa umekwisha shika mgongo wa kiti, akaufuta kwenye suruali. "Mama yu hai?" "Yu hai, alhamdulillahi, yuko Likoni." "Yuajua kama kiti chake chauzwa?" Bi Maimuna akamtazama mumewe. "Ndugu yangu," akamwambia Mjomba, "kwetu sisi, kigoda cha mama hakitoki nyumbani yeye akiwa hai bila kuulizwa. Mimi nitapakia abiria kwenye kiti hicho usiku na mchana. Manung'uniko ya mamako yakinifuata barabarani, nitamwambia nani? Springi nazo ni zake?" Mjomba akasema polepole, "Springi ndizo zilizokuwa zikimvusha." "Basi nazo sizitaki. Nipe hizo rimu, usukani na taa, hivyo havina mtu." Musyoka akajishika kichwa. "Eish! Dili imekufa juu ya shosho!" Bi Maimuna akamgeukia: "Na wewe ungekuwa na nyanya wa kukulisha karibu, usingekonda hivyo."

Waliondoka na rimu na usukani na katoni la taa, vile visivyo na mwenyewe, na jibu la Salim limo humo. Mjomba alitoka mwisho. Aliufunga mlango wangu taratibu. Nilibaki kwenye kiti mpaka maghrib. Niliogopa nimemvunjia heshima mtu aliyenipa chumba, chakula na hodi. Mezani usiku ule alinipakulia yeye mwenyewe, kipande cha kati cha samaki, kisicho na miba, akaendelea kula. Wengine husema kwa maneno. Mimi, wa kabila la wasiosema, nilimsoma vizuri.

Siku mbili kabla ya vunja jungu Musyoka alirudi na jeki zake, ananung'unika kwa furaha: "Mtu analipa fundi ashushe, analipa fundi apandishe. Mungu awabariki watu wa pwani." Springi fupi nyekundu zikatoka, za zamani zikarudi mahali pake. Gari likasimama juu, kama mtu aliyekuwa akitafuta kitu chini ya kitanda akakata tamaa. Bi Maimuna akapiga kigelegele cha kejeli. Kisha Mjomba akaja kwangu, akabisha hodi. "Nataka kiti," akasema. Nikainuka kabla hajamaliza. Toka siku hiyo mpaka mwisho wa mwaka nilifanya hesabu zangu nimelala kifudifudi kitandani, mgongo ukiniuma, na hati yangu ikaharibika. Sikulalamika hata siku moja, na nadhani ndio mara pekee maishani mwangu kutolalamika kwangu hakukuwa haya.

Siku yenyewe Mjomba, aliyekuwa amemwambia mamake kwa simu kwamba alitazame gari kwanza ndipo akatae, alinichukua nami, akachagua saa kwa makusudi. Alingoja maji yakauke. Nyanya alitoka kwake na fimbo, hakumjibu mtu salamu mpaka alipokwisha inama, na magoti yale, kutazama gurudumu la mbele na la nyuma. Akafungua mlango mwenyewe. Akakipapasa kiti. "Hiki nakijua," akasema, akakaa, akanyanyua miguu yake mmoja mmoja akaiingiza. Kivukoni mteremko ulikuwa uleule, mkunjo uleule. Gari likaruka, likashuka, na mfanyakazi wa filimbi hakutugeukia hata jicho. Mjomba aliangalia mbele kama dereva wa Rais. Nyanya akamwacha mpaka feri ilipong'oa nanga, kisha akauliza, "Zile fupi umeziuza?" "Bado, mama." "Usiziuze. Zitie mafuta, uzifunge gunia vizuri zisipate kutu. Mimi sitapanda gari miaka yote." "Mama!" "Nini? Nasema magoti, sisemi mauti." Akanitazama kwenye kioo cha juu. "Na wewe huko nyuma, nasikia ulikataa kuinukia wageni." Nikasema, "Abee, Nyanya." "Mwanamke hukataa kuinuka akiwa na sababu. Ukiwa na sababu, usiinuke. Lakini sema kama ulivyosema, wasidhani umelala."

Tulipofika Junda ua ulikuwa umejaa. Dada zake Mjomba, watoto wao, majirani, sufuria za pilau kwenye mafiga, kachumbari, mikate ya sinia, mabilauri ya maji ya ukwaju. Mjomba akazunguka akafungua mlango wa mbele, akampa mamake mkono. Nyanya hakuushika. "Tumefika, mama." "Nimeona." "Huteremki?" "Niacheni hapa kidogo. Magoti yamepata yalichokitaka." Watu wakaja kumbusu mkono palepale, mmoja mmoja, wakiinama mlangoni. Watoto wakaingia kiti cha nyuma wakajazana. Bi Maimuna alikuja kutoka jikoni na sinia kubwa kichwani, akasimama katikati ya ua, akatazama ukumbi aliokuwa amekwisha utandika mikeka, akatazama gari. Kisha akaniita kwa sauti iliyosikika mpaka kwa jirani: "Zuhura! Itoe mikeka yote, uitandike hapa." Tukaitandika kulizunguka gari. Mjomba akakaa chini, mgongo wake ameuegemeza kwenye mlango ulio wazi, karibu na miguu ya mamake. Sinia likawekwa juu ya mapaja ya Nyanya, upawa akapewa mkononi, naye akaanza kugawa pilau kutoka pale alipokaa, akimwita kila mtu kwa jina.